Mkono wa Mwisho: Noti Bandia na Dhamana ya Fedha nchini China

Noti bandia inaweza kupita katika mikono mingi bila kumdhuru yeyote, kwa kuwa kila anayeipokea kwa thamani kamili huitoa tena kwa thamani hiyo hiyo. Hasara yake yote humwangukia mtu mmoja, yule ambaye inagunduliwa ikiwa mkononi mwake. Kwa sababu hiyo, anayechunguza historia ya fedha za kughushi hana budi kutazama, pamoja na ujanja wa waghushi na ukali wa sheria, swali la haki ambalo kila dola iliyotoa fedha za karatasi imelazimika kulijibu: ni nani anayepaswa kubeba hasara ya karatasi isiyo na thamani? Hakuna nchi iliyoishi na swali hilo kwa muda mrefu kuliko China, ambako fedha za karatasi zilianza kutumika yapata miaka elfu moja iliyopita, na ambako, katika miongo ya karibuni, wanafunzi, walimu na wafanyabiashara kutoka mataifa mengi, wakiwamo Waafrika wa Mashariki waliofuata bidhaa Guangzhou, walijikuta wakilichunguza swali hilo upya mbele ya mashine za kutolea fedha.

Chimbuko la jambo hili liko Sichuan, jimbo la magharibi ambalo, chini ya watawala wa ukoo wa Song, lilitumia sarafu za chuma badala ya shaba. Sarafu hizo zilikuwa nzito mno kwa biashara ya jumla, hivyo wafanyabiashara wa mji wa Chengdu wakaanza kuziweka amana katika nyumba za fedha na kupewa stakabadhi za karatasi zilizoitwa jiaozi, ambazo mwenye nazo angeweza kuzirudisha wakati wowote na kuchukua sarafu zake. Nyumba 16 za matajiri zilipewa haki ya kutoa stakabadhi hizo, nazo zilizilinda kwa picha zilizochongwa kwenye mbao, kwa wino wa rangi nyeusi na nyekundu, na kwa alama za siri ambazo mtoaji pekee ndiye aliyezifahamu. Ulinzi huo ulitosha maadamu mtoaji alikuwa tayari kulipa. Baadhi ya nyumba ziliposhindwa kulipa, serikali ilichukua kazi hiyo, na mwaka 1024 ikatoa jiaozi zake za kwanza zenye thamani ya mafungu 1,256,340, kila fungu likiwa ni sarafu elfu moja zilizotungwa kwenye kamba, huku ikiweka akiba ya mafungu 360,000 ya sarafu za chuma ili kuwalipa watakaotaka kubadilisha. Katika hatua hiyo ya mwanzo kabisa ilikwisha kuonekana kwamba karatasi hupata thamani kutokana na mtu au chombo kinachokubali kuwajibika kwayo.

Serikali ilipojifanya mtoaji wa fedha, ilijifanya pia mwindaji wa waghushi, na kwa karne nyingi silaha yake kuu ilikuwa kifo. Noti za huizi, zilizotolewa na serikali ya Song ya Kusini kuanzia mwaka 1160 katika mji ambao leo ni Hangzhou, zilichapishwa pamoja na onyo kwamba mwenye kughushi atakatwa kichwa, kwamba atakayemfichua atapewa zawadi ya mafungu elfu moja au cheo badala yake, na kwamba mshirika wa uhalifu atakayetoa taarifa atasamehewa. Hata hivyo, kazi ya kughushi haikuhitaji zaidi ya ubao mzuri, karatasi inayofanana na ile ya serikali, na mchongaji hodari. Mwaka 1182 mwanafalsafa Zhu Xi, ambaye wakati huo alikuwa mkaguzi wa serikali, alimshtaki Tang Zhongyou, mkuu wa wilaya ya Taizhou, kwa makosa mengi, mojawapo likiwa ni kumtumia mchongaji aitwaye Jiang Hui kutengeneza noti bandia. Jiang Hui alikuwa amewahi kuhukumiwa kwa kosa hilo hilo, lakini ustadi wake ulimfanya atafutwe pia kuchonga mbao za kuchapishia vitabu, zikiwamo kazi za mwanafikra wa kale Xunzi. Kesi hiyo, ambayo ilichanganyika na uadui wa kisiasa, inabainisha jambo ambalo lingejirudia kwa karne nyingi, kwamba ufundi uliolinda fedha na ufundi ulioiharibu vilikaa katika mikono ile ile, na kwamba tishio la upanga halikumzuia mtu aliyekwisha kuona faida ya kazi yake.

Wamongolia walipoitawala China, Kublai Khan alianzisha mwaka 1260 noti ambazo ziliufanya mfumo huo ujulikane duniani kote. Marco Polo alieleza kwa mshangao jinsi maganda ya mti wa mforsadi yalivyogeuzwa karatasi, karatasi ikapigwa muhuri mwekundu, na muhuri ukaifanya ikubalike kama dhahabu. Maelezo mengine yenye uzito kwa msomaji wa Afrika Mashariki yaliachwa na Ibn Battuta, msafiri yule yule wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ambaye baadaye alisimulia kuwa katika masoko ya China mgeni mwenye fedha za madini hakuweza kununua kitu mpaka azibadilishe kwa vipande vya karatasi vyenye ukubwa wa kiganja na muhuri wa mtawala, na kwamba kipande kilichochakaa kilipelekwa katika ofisi maalumu na kubadilishwa kwa kipya bila malipo. Hali ya mgeni huyo wa karne ya 14 ilifanana kimsingi na ya wageni wa leo, kwa maana alilazimika kuacha fedha aliyoijua na kupokea karatasi yenye maandishi asiyoweza kuyasoma, huku kinga yake ikiwa ni ile ofisi iliyoahidi kuipokea karatasi hiyo tena. Pale ambapo ahadi ya namna hiyo haikuaminika, amri haikufaa kitu: mwaka 1294 Gaykhatu, mtawala wa Kimongolia wa Uajemi, alipojaribu kuwalazimisha watu wa Tabriz kutumia karatasi za mfano wa China kwa tishio la kifo, masoko yalifungwa na karatasi hizo zikaondolewa baada ya muda mfupi.

Watawala wa Ming waliendeleza utaratibu huo kuanzia mwaka 1375 kwa noti kubwa ajabu, yenye urefu wa sentimita zipatazo 34 na upana wa sentimita 22, ambayo ilichorwa mafungu ya sarafu ili hata asiyejua kusoma aelewe thamani yake. Chini ya picha hiyo yaliandikwa masharti ya kuwahukumu waghushi kukatwa vichwa na kumpa mfichuaji wakia 250 za fedha pamoja na mali ya mhalifu. Lakini adui aliyeiangusha noti ya Ming hakuwa mghushi. Alikuwa serikali yenyewe, ambayo ilichapisha noti nyingi bila akiba na bila kukubali kuzibadilisha kwa madini, hata noti halisi zikapoteza karibu thamani yake yote. Kufikia katikati ya karne ya 15 wananchi walikuwa wamezikimbia na kurudi kwenye fedha ya madini, na China, iliyoanzisha noti, ikaishi bila noti za maana kwa kipindi kirefu.

Kipindi hicho hakikukosa udanganyifu, bali kilileta njia nyingine ya kukabiliana nao. Katika bandari ya Guangzhou, ambako kuanzia karne ya 18 dola za Kihispania zilimiminika kulipia chai na hariri, wafanyabiashara waliajiri wajuzi wa kuzikagua sarafu, waliozipima uzito, wakasikiliza mlio wake zilipogonganishwa, na kutazama rangi ya madini. Sarafu iliyokubaliwa iligongwa muhuri mdogo wa nyumba ya biashara iliyoipitisha, nao muhuri huo ulikuwa dhamana, kwa maana kwamba nyumba hiyo ilikubali kulaumiwa endapo sarafu ingegunduliwa kuwa ya uongo. Sarafu nyingi za wakati huo zilijaa mihuri mpaka sura ya mfalme wa Hispania ikafutika, na kila muhuri ulionyesha ni nani aliyeipitisha. Mfumo huo ulikuwa na kasoro, kwa kuwa uliiharibu sarafu yenyewe, lakini ulikuwa na fadhila moja ambayo noti za serikali zilikuwa zimeikosa: kila aliyeitoa sarafu aliacha ushahidi wa kuwajibika kwake.

Karne ya 20 ilirudisha noti kwa nguvu, na pamoja nazo ikaleta aina mpya ya mghushi, yaani dola adui. Wakati wa vita vya Japani na China, maabara ya jeshi la Japani huko Noborito, karibu na Tokyo, ilichapisha noti bandia za serikali ya China iliyoongozwa na Chiang Kai-shek kwa mabilioni ya yuan ili kuudhoofisha uchumi wa adui. Hata hivyo, mfumuko wa bei ulikuwa mkali kiasi kwamba noti halisi zenyewe ziliporomoka na kuupunguzia mpango huo makali. Baada ya hapo Benki ya Watu wa China ilianzishwa tarehe 1 Desemba 1948, ikatoa fedha iitwayo renminbi, na mwaka 1955 ikabadilisha noti za awali kwa kiwango cha yuan 10,000 za zamani kwa yuan 1 mpya. Wageni walioingia baada ya milango ya nchi kufunguliwa hawakuruhusiwa kwanza kuichanganya fedha yao na ya wenyeji. Kuanzia mwaka 1980 walipewa vyeti maalumu vya fedha za kigeni vya kutumia katika hoteli na maduka yaliyoteuliwa, mpaka utoaji wa vyeti hivyo ulipokoma mwaka 1994. Tangu wakati huo mgeni alipokea noti ile ile aliyoipokea muuza mboga wa mtaani, pamoja na hatari zake zote.

Hatari hizo zilikuwa zimejikusanya katika noti moja. Noti ya yuan 100, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1988 ikiwa na sura za viongozi wanne, ilikuwa na inabaki kuwa noti kubwa kuliko zote nchini humo, na kwa hiyo ndiyo iliyowavutia zaidi waghushi. Toleo la mwaka 1990 liliongezewa utepe wa usalama, yaani uzi mwembamba uliopachikwa ndani ya karatasi, kisha tarehe 1 Oktoba 1999 ikatolewa noti mpya nyekundu yenye sura ya Mao Zedong peke yake, ikiwa na alama fiche ya sura hiyo inayoonekana noti inapoelekezwa kwenye mwanga, wino unaobadilika kutoka kijani kwenda buluu, na mparuzo, yaani maandishi na michoro iliyoinuka ambayo kidole huihisi. Licha ya hayo, wilaya za pwani ya mashariki ya Guangdong ziliendelea kuwa kitovu cha uchapaji wa noti bandia, na polisi wa China walieleza kuwa sehemu kubwa ya noti za kughushi za toleo hilo ilitokana na sahani za uchapaji zilizochorwa kwa mkono na mchoraji mmoja mzee, mrithi wa Jiang Hui katika ufundi na katika kosa.

Mashine ya kutolea fedha, ambayo kwa kawaida huitwa ATM, ilifika China mwaka 1987 katika mji wa Zhuhai, na baada ya mtandao wa kadi wa UnionPay kuanzishwa mwaka 2002, kadi ya benki moja iliweza kutumika katika mashine za benki nyingine kote nchini. Kwa mgeni mashine hiyo ilikuwa faraja, kwa kuwa haikumtaka ajue lugha wala ajadiliane na mtu. Noti zake hupangwa katika masanduku na watumishi wa benki au wa kampuni za kusafirisha fedha baada ya kupitishwa kwenye vifaa vya kuchambua, vifaa ambavyo hupima sumaku iliyo katika wino, mng'ao wa karatasi chini ya miali isiyoonekana kwa macho, na vipimo vya noti. Njia za noti bandia kuingia humo zilikuwa chache lakini za kweli: kifaa cha kuchambua kilichopitwa na ujuzi wa waghushi, mtumishi asiye mwaminifu, na mashine za aina mpya zinazopokea amana za wateja kisha kuwapa wateja wengine noti hizo hizo. Aina hii ya mwisho ilijaribiwa hasa kwa noti za kuunganishwa, ambazo zilitengenezwa kwa kubandika kipande cha noti halisi na kipande cha bandia, ili sehemu halisi iidanganye mashine.

Uzito wa kupewa noti bandia na mashine ulitokana na sheria inayomhusu mwenye noti. Kwa mujibu wa kanuni za benki kuu zilizoanza kutumika Julai 2003, benki inapogundua noti bandia lazima iitwae mbele ya mteja, kazi hiyo ifanywe na watumishi wasiopungua wawili, noti igongwe muhuri unaotangaza kuwa ni bandia, na mteja apewe hati ya kutwaliwa, huku akiwa na siku 3 za kazi za kuomba uchunguzi mwingine. Mteja hapewi fidia yoyote. Akiamua kuitumia noti anayojua kuwa ni bandia ili kukwepa hasara, anavunja sheria, na kiasi kikiwa kikubwa hilo ni kosa la jinai. Kwenye madirisha ya benki nyingi yalibandikwa maneno ya kumtaka mteja ahesabu fedha zake papo hapo, kwa kuwa akishaondoka benki haitawajibika. Na kama kanuni hiyo ilimwelemea anayehudumiwa na karani, ilimwelemea zaidi aliyesimama peke yake mbele ya mashine. Benki nazo zilikuwa na sababu ya kutomwamini kila mlalamikaji, kwa sababu noti halisi iliyotoka kwenye mashine ingeweza kubadilishwa njiani, hasa na madereva wa teksi wachache waliozoea kupokea noti halisi, kuificha, na kumrudishia abiria noti bandia wakidai kuwa ndiyo aliyowapa.

Katika mazingira hayo watu walijifunza kujilinda kwa macho na vidole. Muuza duka wa China alipapasa kola ya Mao akitafuta mparuzo, akaitikisa noti asikie mlio mkavu wa karatasi halisi, akaiinua kwenye mwanga kutazama alama fiche, kisha akaipitisha kwenye kifaa kidogo cha kukagulia, na mteja hakulichukulia jambo hilo kuwa tusi. Wageni walichukua desturi hiyo kutoka kwa wenyeji. Katika eneo la Xiaobei mjini Guangzhou, ambako kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 wafanyabiashara wa Kiafrika walikusanyika kununua nguo, simu na vipuri vya kusafirisha hadi masoko kama Kariakoo, ujuzi wa kukagua noti ulikuwa sehemu ya ujuzi wa biashara kama ulivyokuwa ujuzi wa kupatana bei. Ushauri mwingine ulioenea ulihusu mashine zenyewe: aliyetilia shaka noti aliambiwa asiondoke, bali aielekeze noti hiyo kwenye kamera ya mashine ili namba yake irekodiwe ikiwa bado iko mbele ya kifaa kilichoitoa.

Ushauri huo wa mtaani ulikuwa umegusa kiini cha tatizo, nacho ni ukosefu wa ushahidi. Mwanzoni mwa mwaka 2009 hofu ilitanda nchini kutokana na noti bandia za yuan 100 ambazo namba zake zilianza kwa HD90, zilizosemekana kuvishinda baadhi ya vifaa vya ukaguzi vya madukani, na ingawa benki kuu ilieleza kuwa hazikuwa za ubora wa kipekee, wananchi waliona jinsi walivyokuwa hawana njia ya kuthibitisha noti imetoka wapi. Kuanzia mwaka 2013 benki kuu ilizitaka benki zirekodi namba za noti zinazotolewa, kwanza kwenye mashine na baadaye kwenye madirisha, ili mteja anayelalamika aweze kuomba namba ya noti yake itafutwe katika kumbukumbu. Utaratibu huo haukumlinda mteja kwa huruma ya benki bali kwa kumbukumbu iliyoandikwa, na ndani yake ulirudi, kwa sura ya kisasa, muhuri wa wajuzi wa Guangzhou: mtoaji wa fedha aliacha tena alama ya kuonyesha kwamba ni yeye aliyeipitisha.

Mwezi Novemba 2015 mambo mawili yalitukia kwa tofauti ya siku chache. Tarehe 1 yalianza kutumika mabadiliko ya tisa ya sheria ya jinai, ambayo yaliondoa adhabu ya kifo kwa makosa tisa, likiwamo la kughushi fedha; tarehe 12 ikatolewa noti mpya ya yuan 100, yenye tarakimu za dhahabu zinazogeuka kijani noti inapoinamishwa, utepe unaobadilika rangi, na namba iliyochapishwa mara mbili, kwa mlalo na kwa wima, ili noti za kuunganishwa zitambulike kwa urahisi. Tishio la kifo, ambalo kwa karne nyingi lilichapishwa kwenye noti yenyewe, lilikuwa limeondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na ufundi wa uchapaji pamoja na kumbukumbu za benki.

Wakati huo huo fedha taslimu yenyewe ilikuwa ikipoteza nafasi yake mijini. Malipo ya simu kupitia Alipay na WeChat yalienea kwa kasi mpaka wauzaji wengine wakakataa noti, jambo lililoifanya benki kuu mwaka 2018 itangaze kuwa kukataa renminbi ya taslimu ni kinyume cha sheria. Mgeni ambaye zamani aliogopa noti ya mashine sasa alihangaika kuunganisha kadi yake ya nchini kwao na programu ya simu, hadi kampuni hizo zilipolegeza masharti yao kwa kadi za kigeni mwaka 2023. Udanganyifu nao ulihama na fedha: walaghai walibandika misimbo yao ya malipo juu ya ile ya wauzaji, mteja akalipa kwa nia njema, na fedha zikaingia kwa mtu mwingine. Kwa mara nyingine hasara ilimwangukia aliye dhaifu katika mnyororo, mara nyingi mchuuzi ambaye aligundua jioni kwamba mauzo yake hayakumfikia.

Historia hii ndefu inathibitisha kwamba upanga wa Song, masharti makali ya Ming na wino wa kisasa unaogeuka rangi vilipunguza noti bandia bila kuzikomesha, na kwamba usalama wa raia na wa mgeni uliongezeka hasa pale mtoaji wa fedha alipolazimika kujibu kwa alichokitoa. Ofisi iliyobadilisha noti chakavu za wakati wa Ibn Battuta, muhuri wa wakaguzi wa Guangzhou na kumbukumbu za namba za noti vinatofautiana kwa sura, lakini vyote viliuhamisha mzigo kutoka kwa mpokeaji wa mwisho na kuurudisha kwa mwenye uwezo wa kuubeba. Benki yoyote, katika nchi yoyote, inayoweka mashine ukutani na kumkaribisha mpita njia apokee fedha humo inachukua dhamana ile ile waliyoichukua wenye nyumba za fedha wa Chengdu, na sheria ya haki ni ile inayoitaka benki ithibitishe kuwa ilitoa noti halali kabla ya kumtaka mteja athibitishe kuwa alidanganywa.